Lugha ya Kambi Mbele ya Wakwe

Rafiki yangu, sogea hapa karibu. Hii nakusimulia kama vile ningemsimulia yule mama tunayegawana meza soko la Rongo. Nikianza kucheka kabla hadithi haijafika mwisho, yeye hunyamaza tu anaendelea kupanga viazi vyake mpaka nitulie. Wewe pia nivumilie hivyo hivyo.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Usifikirie yule wa picha, na bunduki na uso uliopakwa masizi. Alikuwa fundi wa malori, kazi yake ilikuwa kulala chini ya gari na spana. Lakini jeshi ni jeshi. Hata fundi anapigishwa kwata, hata fundi anapelekwa ng'ambo ya mpaka kukiwa na vita. Tuliishi kambini miaka mingi, watoto wetu wakubwa walizaliwa huko, halafu mimi nikarudi nyumbani kulima na yeye akabaki akija likizo. Alipostaafu alikuja na sanduku la chuma, goti linalouma kukinyesha, na maneno. Sanduku tukaweka nguo za Sabato. Goti tunalisugua na mafuta. Hayo maneno ndiyo yalikataa kukaa mahali pamoja.

Asubuhi yake ya kwanza kama raia, kabla jua halijatoka vizuri, nikasikia sauti huko nje: "Folin!"

Watoto wakatoka mbio wakasimama mstari, kutoka mrefu mpaka mfupi. Hata msichana wa jirani aliyekuja kuomba moto akasimama mwisho wa mstari na kigae chake mkononi.

"Baba watoto," nikamwambia, "hapa si kambi. Hapa watoto wanaamshwa na wimbo, halafu maombi."

"Sawa, mama. Waimbe wakiwa wamefolin."

Na wakaimba. Nilikuwa nimefunga leso kiunoni tayari kwa kukasirika, nikashindwa, kwa sababu siku hiyo wote walifika kwa maombi bila kuitwa mara ya pili.

Kutoka hapo ikawa kama mbegu ya mchicha: huoni ikianguka, unaona tu imemea. Jikoni ikawa mesi. Kufagia boma, kuteka maji, kupukuchua mahindi, hiyo yote ikaitwa fatigi. Mbwa wetu, ambaye anajua kulala peke yake, akapewa cheo cha sentri, yaani mlinzi. Ndama akizaliwa ni kuruta, kwa sababu hajui kitu na anakimbia ovyo. Mtu akikosea, amekula chaji. Na yeyote ambaye hajawahi kuvaa kombati, kuanzia chifu mpaka daktari, ni raia. Mume wangu akitamka hilo neno utafikiri anasema juu ya mtoto mchanga.

Kitinda mimba wetu, msichana wa mdomo, ndiye aliyashika kuliko wote.

"Afande, kuruta amekula chaji. Ameruka ua, ameingia kwa mahindi ya jirani."

"Na sentri alikuwa wapi?" baba yake anauliza.

"Amelala kwa posti, afande."

"Mpe fatigi."

"Nimempa, afande. Amelalia hiyo pia."

Hao wawili wanaweza kuendelea hivyo mpaka ugali ipoe.

Mimi shule niliacha mapema nikaolewa, kwa hivyo sasa nikifunga meza yangu sokoni naenda darasa la jioni, ile tunaita ngumbaru. Siku moja nikamwuliza mwalimu haya maneno yanatoka wapi. Akaniambia mengine yametembea kuliko sisi. Hilo la afande, alisema, lilikuwa la Waturuki, wanajeshi wa zamani wakalibeba, likapita Misri na Sudani mpaka likafika huku kwetu na miguu ya askari. Mengine ni Kizungu kilichochubuka njiani. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani. Neno limevuka majangwa yote hayo, mwisho wake linakuja kupigiwa kelele Rongo na mama muuza omena akimwona askari wa kaunti: "Afande huyo! Toeni ndoo kwa njia!"

Hilo la afande nililikuta sokoni, lilikuwa huko kabla yangu. Hayo mengine niliyaingiza mimi. Kuna asubuhi nilichelewa, wenzangu wakaniuliza nilikuwa wapi, nikajibu bila kufikiri, "Nilikuwa fatigi." Basi, imeisha. Muda kidogo kila mama aliyebaki nyumbani kufua alikuwa fatigi. Mama mpya akija kuuza: "Huyo ni kuruta, mwonyesheni mahali pa kuketi." Mvua ikituzuia kutandaza: "Leo tumepewa ofu, pumzikeni." Hata mzee wa kanisa letu, akipanga mashemasi watakaosimama mlangoni, alianza kusema anapanga doria, na hakuna mtu aliyeinua uso kwa Biblia yake kushangaa.

Nilijua yamenipita nguvu siku nilipoenda Oyugis kununua viazi. Mama nisiyemjua alikuwa akifukuza mbuzi wake kutoka kwa magunia. "Folin!" akawapigia kelele. "Folin, nyinyi makuruta!" Nikamwuliza ametoa wapi hilo neno. Akaniangalia kama nimeuliza chumvi inatoka wapi.

"Si ndio vile watu husema?"

Sikuyachukia, nataka uelewe hivyo. Wakati mume wangu alikuwa ng'ambo ya mpaka, simu ikiingia alikuwa na jibu moja tu: "Shwari." Namwuliza chakula, shwari. Usingizi, shwari. Nilijua si yote ni shwari, lakini mwenye kusema alikuwa hai, basi nilikuwa napiga magoti hapo hapo nyuma ya meza ya viazi namshukuru Mungu, watu wakinipita. Kuna mambo ya huko ambayo mpaka leo hajaniambia, na mimi sijamsukuma. Haya maneno ya kuchekesha ndiyo kipande cha jeshi anachoweza kukiweka mezani tukakila sote. Kwa hivyo niliyaacha yakae.

Mpaka binti yetu mkubwa akapata mchumba.

Kijana ni mwalimu, kwao ni upande wa Magunga. Mpole, anaenda kanisa, hana maneno mengi. Binti yangu alikuja kunieleza nikiwa nachambua kunde.

"Mama, kuna shida."

"Ana bibi mwingine?"

"Mama!"

"Basi sema."

"Ni waya wake."

Waya ni shangazi, dada ya baba. Mama ya huyu kijana alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na waya ndiye alimlea mpaka akawa mwalimu. Huyo waya alikuwa amesikia kwamba baba ya msichana ni mtu wa jeshi, na alikuwa amesema wazi kwamba nyumba ya mwanajeshi anaiogopa. Mdogo wake aliolewa na mtu wa kombati. Kwa hiyo nyumba, kila neno lilikuwa amri na hakuna aliyejibu. Siku huyo dada alirudi kwao kutembea, aliomba ruhusa ya kunywa maji, kwa nyumba ya mama yake mzazi.

"Anasema mtoto aliyelelewa kwa amri atafanya moja ya mambo mawili," binti yangu akaniambia. "Ataleta amri kwa nyumba ya kijana wake, ama ataleta woga."

"Na kijana anasemaje?"

"Anasema waya aje ajionee mwenyewe siku ya ayie. Lakini mama, akikataa, yeye hatamwendea kinyume. Na mimi singetaka mtu wa kumwendea kinyume mama aliyemlea." Hapo akafunika macho na kiganja. Huyu mtoto halii ovyo. Nikaziacha kunde.

Ayie ni ile siku watu wa mwanamume wanafika rasmi mara ya kwanza kwa wazazi wa msichana, ili mama yake aseme amekubali. Kumbe ya kwetu, mwenye kukubali au kukataa alikuwa mgeni.

Jioni hiyo baada ya maombi nikawaweka wote chini.

"Kuanzia leo mpaka wageni waondoke," nikasema, "sitaki kusikia lugha ya kambi kwa boma hii."

"Hiyo ni amri?" mume wangu akauliza.

Kitinda mimba akaanguka kwa kiti akicheka. Nikaweka adhabu: atakayetamka, ataosha sufuria. Rafiki yangu, huyo mwanamume aliosha sufuria mpaka zikang'aa. Anaamka anasema neno, anaenda kuosha. Akiwa pale karaini anaita hiyo kazi fatigi, anaongezewa nyingine.

"Sasa nikitaka watu waje kula nitasemaje?"

"Sema, karibuni chakula, wapendwa."

"Karibuni... chakula... wapendwa." Alisema polepole kama mtu anayekanyaga matope na viatu vipya. "Mama watoto, hii lugha ya raia ni ndefu. Chakula itapoa."

Mimi nilifunga na kuomba. Sikuomba vitu vikubwa. Nilisema, Baba, mzibe mume wangu mdomo kwa siku moja tu, ili mtoto wetu aolewe na mtu anayempenda.

Walikuja Jumapili. Tulikuwa tumekodi hema na viti, tukaweka katikati ya boma, karibu na jikoni. Lazima nikueleze kwa nini tulikaa nje. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Mama hamshiki mkwe, hamtumi kazi, hawali wakitazamana. Na kwa ukoo wa mume wangu, siku ya kwanza mkwe haingii nyumba ya mama wa msichana mpaka wazee wamalize kula, wazungumze, wamkaribishe wenyewe. Kwa hivyo kijana alikaa chini ya hema na marafiki wake wawili na baba yake mkubwa, jaduong', yaani mzee, mmoja mnene wa sauti nzito, ndiye msemaji wao. Wanawake walikaa upande wa pili, waya katikati. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni, leso mabegani, macho chini kama inavyotakiwa.

Waya alikuwa mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Hakusema mengi. Alikuwa anaangalia. Aliangalia vile mume wangu anavyopokea fimbo ya jaduong', vile anavyovuta viti. Na mume wangu, Mungu ambariki, alikuwa raia mtupu. "Karibuni, wapendwa. Ketini kwa amani, wapendwa." Alisema wapendwa mara nyingi mpaka nikaogopa watadhani amelewa, na huyo hajawahi kuonja.

Kitinda mimba alipopita kunawisha watu mikono, waya akamshika kidogo.

"Nyathina, mtoto wangu, baba yako akikuita, unafanya nini?"

"Inategemea ananiitia nini," mtoto akajibu.

Moyo wangu ukaanguka ndani ya sufuria. Waya hakucheka. Alimwachilia mkono, akanawa.

Chakula kikawekwa. Kuku, samaki ngege wa mchuzi, mboga ya osuga iliyolala na maziwa, ugali za kutosha. Shemasi wetu akaomba. Wakati anasema amina, nikaona wingu limeshuka kutoka upande wa Kisii, jeusi, linakuja na kelele juu ya miwa.

Sasa sikiliza adabu ilivyotufunga. Mgeni wa ukwe hawezi kusimama aache chakula, ni kama amesema chakula ni kibaya. Na mwenye nyumba hawezi kumwambia mkwe asimame akiwa anakula, ni kama amemfukuza. Kwa hivyo hakuna aliyesimama na hakuna aliyesema. Hema likaanza kuinuka na kushuka kama linapumua. Watu wanatafuna. Tone kubwa likaanguka ndani ya mchuzi wa jaduong'. Akaangalia juu, akaangalia mchuzi, akaendelea.

"Naona kuna upepo kidogo," mume wangu akasema.

"Ni kidogo tu," jaduong' akajibu, ameshika sahani kwa mikono miwili.

"Itapita," mtu mwingine akasema, na kofia yake ikapita.

Hapo kamba moja ikakatika. Mti wa hema upande wa wanawake ukang'oka, ukaanza kuinamia kichwa cha waya, na yeye, kwa heshima yake yote, ameketi tu na kipande cha samaki mkononi.

Sikumbuki nikisimama. Nakumbuka sauti, na nilidhani ni ya mtu mwingine.

"Kombania, simama! Kila mtu na sahani yake! Wanawake kulia, ndani ya nyumba, mbio! Wewe na wewe, shikeni huo mti! Baba watoto, sufuria ya kuku! Kuruta, njoo hapa, beba ugali!"

Kuruta ni mkwe wangu. Nilimshika mkono juu ya kiwiko, mimi mwenyewe, nikamvuta kutoka kwa kiti, nikamwekea sinia ya ugali kichwani na kumsukuma mgongo kuelekea mlango wangu. Na wakaenda! Hao marafiki wake wakarukia ule mti kama wamelala kambini maisha yao yote. Wanawake wakashika kulia. Aliyebaki ni jaduong', bado ameketi, bado anatafuna, mvua inampiga.

"Mzee, hapa si ofu!" nikampigia kelele. "Folin!"

Jaduong' akasimama. Akaenda na sahani yake, akitembea haraka kuliko nilivyodhani mtu wa kimo kile anaweza. Nyuma yetu hema likaruka juu ya ua, likalala ndani ya miwa ya jirani.

Ndani ya nyumba kukawa kimya. Mvua inapiga mabati, maji yanatiririka kutoka kwa watu. Hapo ndipo akili ikanirudia, nikaanza kuona nilichofanya, kimoja kimoja. Nimemshika mkwe. Nimemtuma kazi. Nimemwingiza nyumbani kwangu kabla wazee hawajasema. Nimemwinua baba yake mkubwa kwa chakula kama mtu anayefukuza kuku. Na hayo yote kwa lugha ya kambi, mbele ya mwanamke ambaye hiyo lugha ilimharibia dada. Mungu alikuwa amemziba mume wangu mdomo vizuri kabisa. Mdomo wangu sikuwa nimemtajia.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya kabati, mikono yote miwili kinywani. Mume wangu alikuwa katikati ya nyumba na sufuria ya kuku, maji yanadondoka kutoka kidevuni, macho mbele, mgongo wima.

"Sufuria imefika, afande," akaniambia.

"Mama atakula chaji," kitinda mimba akanong'ona, na kwa ule ukimya kila mtu akasikia.

Hakuna aliyecheka. Waya akaweka sahani yake chini. Akajipangusa uso na ncha ya kitambaa.

"Nyar Kasipul," akaniita, binti wa Kasipul nilikozaliwa, "twende jikoni."

Tulivuka uwanja kwa mvua, yeye mbele. Jikoni akageuka akafunga mlango. Mimi nilikuwa naomba ndani ya moyo, sijui hata nilikuwa naomba nini, nilikuwa nasema tu, Baba, mtoto wangu, mtoto wangu.

"Hayo maneno ulifundishwa na nani?"

"Na mzee wangu, waya. Ni mzaha wa nyumba. Niliwakataza wote kwa ajili ya leo, sasa mimi mwenyewe..."

"Uliwakataza kwa sababu yangu."

"Ndiyo, waya. Nilisikia habari ya dada yako. Pole sana."

Akakoroga makaa na kijiti, mtu angedhani ni jikoni kwake.

"Kwa ile nyumba," akasema, "amri ilikuwa inatoka upande mmoja. Inashuka tu. Hakuna siku ilipanda. Nimekuja hapa leo nikingoja huyu mzee wako aamuru mtu, nimwone. Siku yote wapendwa, wapendwa. Unajua niliogopa zaidi? Shemeji yangu pia alikuwa mpole hivyo mbele ya wageni. Nilishasema moyoni, tukimaliza kula nitamwambia kaka yangu turudi, tutafute kwingine."

Kumbe ule usafi wote niliowafulia watu wangu ndio ulikuwa unamfukuza.

"Halafu wewe ukaamka," waya akasema. "Umemwita mwanajeshi mzima mbele ya wakwe, umemwambia sufuria, na amebeba sufuria. Nilimwangalia macho, nilikuwa karibu naye. Nilitaka kuona kama anakuwekea hasira ya kukutolea tukishaenda. Huyo mzee alikuwa anazuia kicheko, nyar Kasipul. Anatetemeka shavu. Na yule mdogo anasema mama yake atakula chaji, na hakuna aliyemwinulia mkono. Watoto wa dada yangu hata kikohozi walikuwa wanakimeza."

Akatupa kijiti motoni.

"Binti yenu ninamtaka kwangu. Anajua kujibu?"

"Anajibu sana, waya. Ni aibu."

"Wacha ajibu. Nimekuwa na mwanamume mnyamavu kwa nyumba tangu nimlee, nimechoka kuongea peke yangu."

Nilitaka kusema Mungu asifiwe, ikatoka machozi. Nilikalia gunia la mkaa na nguo yangu nzuri ya kitenge, nikalia kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani baada ya safari, shingo haijui ifanye nini. Waya akanipa maji kwa kikombe. Akangoja ninywe.

"Sasa," akasema, "hiyo ya kushika mkwe ni jambo ingine. Kaka yangu hatakuachia."

Na kweli. Tuliporudi ndani jaduong' alikuwa ameshakohoa, tayari kusema.

"Huyu mama," akaanza kwa ile sauti nzito, "ameshika mkwe mkono kabla ng'ombe haijafika hapa. Hiyo tumeona sisi wote. Na mimi ameniinua nikiwa na mfupa mdomoni."

"Ni kweli, jaduong'," nikasema, nimejifunika uso na leso.

"Kwetu hiyo inaoshwa na kuku."

"Jogoo," waya akamsahihisha.

"Jogoo. Na mchuzi yangu imeingia maji. Nataka mwingine."

Mume wangu akageuka kwangu, akabana miguu pamoja, tap.

"Ruhusa kuleta mchuzi, afande?"

Hapo nyumba ikapasuka. Jaduong' alicheka mpaka akashika ukuta. Binti yangu alicheka akilia. Ndipo tukaona kijana bado amesimama kando ya mlango na sinia ya ugali kichwani, wima kama nguzo, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashushe, na mimi sasa nilikuwa nimerudi kwa heshima yangu, siwezi hata kumwangalia.

"Nyathina," waya akamwuliza kitinda mimba, "mtu akishusha mzigo, kwenu mnasemaje?"

"Legeza."

Waya akamgeukia kijana wake. "Legeza, mwanangu."

Akalegeza. Tukala ugali baridi, mvua ikatuimbia juu ya mabati, na nilipoulizwa mbele ya wote kama nimekubali, nilisema nimekubali kabla msemaji hajamaliza swali.

Ng'ombe walifika baadaye, harusi ikafanyika kanisani, na binti yangu sasa yuko Magunga. Tunaongea kwa simu karibu kila Sabato ikiisha. Ananiambia nyani wakitoka porini upande wa mbuga wakivamia mahindi, waya anasimama mlangoni anapiga kelele, "Doria! Doria!" na majirani wote wanatoka na fimbo. Akina mama wa kwaya yao huko wanaambiwa folin kabla ya kuimba. Hawajui ilitoka kwetu, na sisi wenyewe tuliipokea tu. Juzi nikiwa kwa simu nilisikia waya akimtuma binti yangu kuni, na binti yangu akamjibu, "Waya, leo mimi ni ofu, tuma mtoto wako mwalimu," halafu nikasikia wote wawili wanacheka, na kijana pia, huko mbali, anauliza kuni ziko wapi. Nilikata simu nikakaa kitandani kidogo. Nilikuwa nimeogopa sana, rafiki yangu. Sikuwa nimemwambia mtu ni kiasi gani.

Kwa hivyo nakuomba. Ukimjua mama anayengoja wakwe, ambaye amewafungia watu wake mdomo mpaka hata mume anatembea kwa vidole, mpelekee hii. Kama macho yake hayasomi vizuri, msomee wewe, polepole, na ukifika pale pa sinia mwache acheke kwanza. Halafu umwombe naye asimulie mwingine. Jina langu si lazima. Sema ni mama mmoja wa Rongo, anauza viazi.